Usipige simu kabla ya kwenda kumwona ndugu yako

Ndugu msomaji, wewe unayevuka Gatumba kwenda Uvira, au unayepitia Mugina kwenda Manyovu na kurudi na mzigo wako, leo naomba tuzungumze jambo ambalo huwa hatulizungumzi tukiwa ndani ya gari. Ndani ya gari tunazungumza bei ya faranga, ushuru, mafuta na askari wa barabarani. Hatuwazungumzi wale tuliowaacha kwa watu. Wapo wengi kati yetu wenye kaka, dada au mtoto asiyeweza kujihudumia mwenyewe, na kwa kuwa safari zetu haziishi, tumemweka mahali fulani hapa Bujumbura, kwa mtu tunayemlipa kwa mwezi. Pesa tunatuma kwa simu. Tukipata nafasi tunapita kumsalimia.

Nami nilikuwa mmoja wao, na ninayoyasema hapa yananihusu kwanza mimi.

Mdogo wangu alizaliwa na ulemavu wa akili. Ni mtu mzima, ana ndevu, anapenda kufanya kazi ya mikono, lakini akishapita kona mbili hajui njia ya kurudi nyumbani. Tulipokuwa kambini Mtabila, kule Kasulu, jambo hilo halikutusumbua sana. Sisemi kambi ilikuwa pepo. Aliyekula mahindi ya mgawo anajua. Lakini kila mtu kambini alimjua mdogo wangu kwa jina. Akipotea upande wa bomba la maji, mtoto yeyote alimshika mkono akamrudisha. Siku ya mgawo akina mama walimpa kazi ya kushikilia gunia, akashinda hapo kwa furaha mpaka jioni. Hakuna aliyeita kazi hiyo huduma wala aliyelipwa kwa ajili yake. Watu walimjua tu.

Kambi ikafungwa Desemba 2012, tukarudi. Shamba la baba tulilikuta lina watu, na habari za kesi za ardhi kila aliyerudi anazijua, sina haja ya kuzieleza. Tukapanga chumba Bujumbura, mimi nikaingia katika biashara ya vitenge na dagaa. Hapo ndipo nilipoona tulichokiacha nyuma. Katika mtaa tuliohamia hakuna aliyemjua mdogo wangu. Alipopotea mara ya kwanza tulimkuta baada ya siku mbili, amepigwa, kwa sababu alikuwa ameingia ua wa watu akadhaniwa mwizi. Siwalaumu sana waliompiga. Walimwona mwanamume mgeni ndani ya ua wao, tena usiku.

Rafiki mmoja akanielekeza kwa mama mjane mwenye nyumba yenye geti la bati, upande wa kusini wa jiji. Alikuwa akitunza watu tisa, wengine walemavu wa viungo, wengine wa akili, na binti mmoja asiyesikia. Nyumba haikuwa na kibao wala karatasi yoyote. Tulipatana bei, nikamwacha mdogo wangu pale, nikaondoka na safari zangu nikiwa nimepumua. Kusema kweli hata sikuuliza atalala chumba gani.

Kila nilipofika Bujumbura nilipiga simu kwanza: "Mama, nimefika, nakuja kumsalimia kijana." Ni adabu, ndivyo tulivyolelewa, huendi kwa mtu bila hodi. Nikifika namkuta mdogo wangu ameketi kwenye kiti cha kibarazani, amepakwa mafuta, amevaa shati jeupe nililomletea mimi mwenyewe. Naacha pesa, sabuni na dagaa, tunakaa dakika ishirini, nakwenda zangu. Hali iliendelea hivyo karibu miaka mitatu.

Siku moja mwaka 2017 simu yangu ilizimika Rumonge kwa kukosa chaji, nikafika bila kupiga. Mtoto mmoja alinifungulia geti. Kibarazani hapakuwa na mtu. Mdogo wangu nilimkuta chumba cha nyuma, amefungwa kifundo cha mguu kwenye mguu wa kitanda kwa kipande cha kitenge. Kitenge hicho nilikijua, nilimpelekea yule mama kama zawadi ya mwaka mpya. Chumba kilinuka mkojo. Mguuni palikuwa na kidonda ambacho hakikuwa cha siku ile wala cha wiki ile. Shati jeupe lilikuwa limetundikwa kwenye msumari ukutani, limepigwa pasi.

Mama yule alikuja mbio kutoka jikoni. Hakukana. Aliniambia: "Kaka, akitoka nje kuna magari. Juzi alifika mpaka barabara kubwa. Angegongwa, ningekuambia nini?" Halafu akaongeza, bila ukali wowote, kwamba huo ulikuwa mwezi wa pili sijalipa.

Sikuwa na la kumjibu, maana ni kweli nilikuwa sijalipa.

Nimelieleza jambo hili kirefu kwa sababu watu wengi wakisikia habari za namna hii hutafuta mtu mbaya, wakishampata wanaridhika. Mama yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watu kumi wa kuwalisha, kuwaosha na kuwalinda, pamoja na mimi nisiyelipa, na msichana mmoja wa kumsaidia. Hakuwahi kufundishwa namna ya kumtuza mtu anayetorokatoroka bila kumfunga. Na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kubisha geti lake kwa niaba ya serikali, wala muuguzi, wala mkuu wa mtaa, wala shirika. Jicho pekee kutoka nje lilikuwa langu na la ndugu wengine kama mimi, nasi tulikuwa tukipiga simu kwanza.

Najua wapo watakaosema kwamba dawa ni kuzifunga nyumba hizi za kienyeji na kuwapeleka watu kwenye vituo vinavyojulikana. Vituo hivyo vipo na vinafanya kazi yake. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kamenge inatibu wengi, Saint Kizito inajulikana kwa watoto wenye ulemavu wa viungo, na Gitega kuna kituo cha taifa cha viungo bandia. Lakini kazi yao ni tiba, mazoezi na masomo. Mdogo wangu haumwi. Hana ugonjwa utakaopona wiki ijayo arudi nyumbani. Anachohitaji ni mahali pa kuishi na mtu wa kumsaidia kuishi, leo, kesho na mwaka kesho, na mahali pa namna hiyo kwa mtu mzima ndipo tunapopatafuta kwenye mageti ya bati.

Wengine watasema basi tufuate mtindo wa kisasa, tuwatoe watu kwenye vituo vikubwa tuwaweke katika nyumba ndogo ndogo ndani ya jamii. Nakubaliana nao, ila nawaomba waangalie kwanza Afrika Kusini. Mwaka 2015 serikali ya jimbo la Gauteng, ambalo ndimo lilimo jiji la Johannesburg, ilitangaza kuvunja mkataba wake na vituo vya Life Esidimeni, vilivyokuwa vikitunza watu wenye maradhi ya akili na ulemavu mkubwa wa akili. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzuri masikioni, yaani kupunguza gharama na kuwarudisha watu katika jamii. Watu zaidi ya 1,400 wakahamishwa, wengi wao kwa haraka katika miezi michache ya mwaka 2016, wakapelekwa kwenye nyumba za mashirika madogo. Baadhi ya familia hazikuambiwa ndugu zao wamepelekwa wapi. Walihangaika kutoka nyumba moja hadi nyingine wakiwatafuta, na wapo waliowakuta chumba cha maiti.

Waliokufa walifika 144. Februari 2017 Profesa Malegapuru Makgoba, msimamizi wa malalamiko ya afya wa nchi ile, alitoa ripoti iliyoonyesha kwamba mashirika 27 yaliyopokea watu hao yalikuwa yakifanya kazi kwa leseni zisizo halali. Watu walikosa chakula, maji, blanketi na dawa. Machi 2018 jaji mstaafu Dikgang Moseneke aliiamuru serikali ilipe familia fidia, na Julai 2024 mahakama iliyochunguza vifo hivyo ilisema kwamba uzembe wa aliyekuwa mkuu wa afya wa jimbo na wa aliyekuwa mkurugenzi wa afya ya akili ulisababisha vifo tisa kati ya hivyo.

Afrika Kusini ina mahakama, ina madaktari na ina pesa kuliko sisi. Na wazo la nyumba ndogo halikuwa wazo baya. Kilichoua ni kwamba watu waliingizwa ndani ya nyumba ambazo hakuna aliyezikagua kabla, na baada ya hapo hakuna aliyekwenda kuwatazama mpaka walipoanza kufa.

Hapa kwetu tunao mfano wa aina nyingine. Wengi mnaukumbuka, maana biashara ile ya kishenzi ilipita katika mpaka huu huu tunaopitisha sisi mahindi na vitenge. Kuanzia mwaka 2008 watu wenye ualbino waliuawa huko Ruyigi, na viungo vyao vikapelekwa Tanzania kwa waganga. Mwendesha mashtaka wa Ruyigi wakati huo, bwana Nicodème Gahimbare, aliwafungulia nyumba yake mwenyewe, wakalala humo wakilindwa na polisi. Ndiye pia aliyewapeleka watuhumiwa mahakamani, na Julai 2009 mmoja wao alihukumiwa kifungo cha maisha. Lile lilikuwa jambo la kiume na litabaki katika historia ya nchi hii.

Ng'ambo ya mpaka, serikali ya Tanzania iliwakusanya watoto wenye ualbino katika shule za bweni, mojawapo ikiwa Kabanga. Sisemi Kabanga ile ya Ngara unayoikuta ukishapita Kobero, nasema Kabanga ya Kasulu, jirani na kambi tulizokaa. Watoto wale waliokolewa na kifo, hilo halina ubishi. Lakini makimbilio yaliyokusudiwa kuwa ya muda yaligeuka kuwa makazi ya miaka. Mwaka 2015 maofisa wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walitembelea vituo vya namna hiyo Tanzania, wakalalamikia hali waliyoikuta, na msongamano ukiwa mmojawapo. Kuna watoto ambao wazazi wao waliacha kabisa kuja. Ukuta uliojengwa kumzuia muuaji asiingie ulimzuia pia shangazi, mjomba na jirani, hata ikawa mtoto anakua bila mtu yeyote wa nje anayeijua sura yake. Nyumba ya kukimbilia ni nzuri usiku wa hatari. Hatari ikipungua inabidi mtu fulani aje aulize nani bado yuko ndani, na kwa nini.

Sheria haikosekani. Burundi iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2014. Ibara ya 19 ya mkataba huo inampa mlemavu haki ya kuchagua anaishi wapi na nani. Ibara ya 16 inaitaka kila nchi ihakikishe kwamba mahali popote palipowekwa kwa ajili ya kuwahudumia watu wenye ulemavu panakaguliwa na mamlaka huru, ili kuzuia ukatili na unyonyaji. Halafu tarehe 10 Januari 2018 nchi ikapata sheria yake yenyewe ya kulinda haki za watu hao. Imeandikwa kwa Kifaransa. Yule mama mwenye geti la bati hasomi Kifaransa, na sidhani kama kuna aliyewahi kumweleza kwamba inamhusu.

Ninachokiomba si kikubwa. Kila komini iwe na daftari la nyumba zote zinazolaza watu wenye ulemavu kwa malipo, hata kama nyumba hiyo ina watu wawili tu. Daftari hilo lisiwe la kodi. Nalisema hili wazi kwa sababu sisi wafanyabiashara tunajua kinachotokea mtu akisikia neno kuandikishwa: anafunga mlango wa mbele anafungua wa nyuma, na hapo tutakuwa tumewaficha walemavu badala ya kuwalinda. Mwaka wa kwanza iwe kuandika na kufundisha, si kutoza wala kufunga. Wahudumu wa afya wa jamii tunao tayari katika kila mtaa na kila kilima, wanazunguka kuhimiza chanjo na chandarua. Wapewe na kazi hii, wafuatane na mtu mmoja mwenye ulemavu kutoka vyama vyao, kwa maana yeye ataona vitu ambavyo mimi na wewe tunavipita: kwamba kiti cha magurudumu kimewekwa mbali na kitanda, au kwamba mlango wa choo ni mwembamba, kwa hiyo mwenye kiti hujisaidia kitandani. Waende bila taarifa. Watazame chungu cha mchana, vidonge vimeandikwa jina la nani, vifundo vya mikono na miguu, na choo. Tume ya taifa ya haki za binadamu, iliyoundwa mwaka 2011, inaweza kupokea malalamiko kutoka nyumba hizi kama inavyopokea mengine.

Na mafunzo kwa walezi ni nusu ya kazi yote. Mdogo wangu siku hizi hafungwi na hatoroki, kwa sababu kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi na watoto kama yeye alituonyesha kwamba alikuwa akitoroka saa ile ile kila siku, saa tisa alasiri, akiwa hana la kufanya. Sasa saa tisa anapewa dagaa achambue, atoe mawe. Anachambua vizuri kuliko mimi. Jambo dogo hivyo lingemwepusha na kidonda cha mguu, na lingempa yule mama usingizi.

Lakini tusiiachie serikali kila kitu, hata ikiwa na wakaguzi wazuri. Uingereza wanao. Mwaka 2011 televisheni ya BBC ilipeleka mwandishi kwa siri akaajiriwa katika hospitali binafsi ya watu wenye ulemavu wa akili iitwayo Winterbourne View, karibu na Bristol, akarekodi wafanyakazi wakiwapiga na kuwatesa wagonjwa. Wafanyakazi 11 walitiwa hatiani. Kabla ya hapo muuguzi mmoja alikuwa amekwisha waandikia wakaguzi, wasichukue hatua. Na familia zilipokuja kutembelea hazikuruhusiwa kufika mahali ndugu zao wanapolala. Niliposoma hilo nilikumbuka kibaraza, kiti, na shati jeupe.

Kwa hiyo nasema na wewe, mfanyabiashara mwenzangu. Kutuma pesa kwa Lumicash si kumwona mtu. Lipa kwa wakati, kwa sababu mlezi asiyelipwa anaanza kupunguza, na hapunguzi kwake. Nenda saa ambayo hutarajiwi. Adabu ya hodi ibaki getini. Ukishaingia, omba kuona anapolala, shika godoro, pandisha suruali yake utazame miguu. Keti naye peke yenu, mwache mama au baba wa nyumba aendelee na kazi zake. Kama hawezi kusema, utaona anavyobadilika mlezi anapopita. Mpe jirani wa nyumba ile namba yako ya simu, umnunulie soda. Sisi wa njia ya Kigoma tuko sita wenye ndugu wa namna hii, na tumekubaliana kwamba yeyote anayefika Bujumbura kwanza anapita kwa wote. Wa kwangu sasa anaishi katika chumba cha kupanga kwenye ua wetu, na jirani yetu ndiye anayemsaidia mchana kwa malipo. Linanigharimu karibu nusu ya faida ya safari moja kila mwezi. Wenzangu wanakuja kumkagua, na mimi nawakagulia wa kwao.

Kuna jambo moja linalonikera mpaka leo. Siku ile nilimwondoa mdogo wangu. Tisa walibaki. Sikuwaambia ndugu zao kwa sababu sikuwajua, na kusema kweli nilikuwa na aibu yangu ya kutolipa, nikataka kutoka pale upesi. Nilirudi baada ya miezi mitano na pesa niliyokuwa nadaiwa. Geti lile la bati lilifunguliwa na mpangaji mwingine kabisa. Mama alikuwa amehama na watu wake, na hakuna pale aliyejua wamekwenda wapi. Nikaenda kwa mkuu wa mtaa. Aliniambia hakuwahi kujua kwamba nyumba ile ilikuwa na walemavu ndani.

Yule binti asiyesikia alikuwa na kovu dogo juu ya jicho la kushoto, na kila nilipofika alikuwa akinionyesha kwa mikono mtu anayepiga kasia, halafu anaelekeza kidole upande wa Uvira. Nadhani alikuwa akinieleza kuhusu kaka yake au baba yake. Kama wewe ndiye, na bado unatuma pesa kila mwezi, nenda ukamtazame.